Mau Mau ni kifupisho cha nini? Au si kifupisho kabisa?

Mleta uzi

Wadau, hamjambo.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Juzi kaja na karatasi ya mtihani wa Kiswahili, swali la akronimu: "Andika virefu vya maneno yafuatayo." UKIMWI kapata. BAKITA kapata. TAKILUKI kapata. La nne lilikuwa MAU MAU, naye akaandika: "Hii si akronimu, ni jina." Kalamu nyekundu ikapita juu yake, na pembeni pakaandikwa: Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru.

Akaniuliza, "Mjomba, nani kakosea?" Nikamwambia yeye hajakosea, na nikamwahidi kumweleza vizuri. Maelezo yamekuwa marefu, ndiyo maana nimeyaleta hapa ili tuyapitie pamoja. Mimi ni mtu wa Nyeri, nafundisha Kiswahili, na cucu wangu, yaani nyanya, aliyenilea aliishi kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau, wapiganaji wa ardhi na uhuru wa Kenya. Neno hili nimekua nalo nyumbani.

Nianze na hicho kirefu. Ni kizuri, kina mizani, kinakaa ulimini kama wimbo. Tatizo lake ni wakati. Jina hili lilianza kuonekana kwenye taarifa za maofisa wa kikoloni mwaka 1948, huko Bonde la Ufa, kwenye mashamba ya walowezi ambako maskwota wa Kikikuyu walikuwa wakila kiapo cha umoja. Kiapo hicho kililiwa kwa Kikikuyu, kwa maneno ya Kikikuyu, kwa udongo na nyama ya mbuzi. Waliokila hawakuwa na sababu ya kujipa jina la Kiswahili lenye herufi za kuunganisha. Walipojitaja walisema *ithaka na wĩyathi*, ardhi na uhuru. Au walisema *mũingĩ*, umma. Au *Gĩkũyũ na Mũmbi*, kwa majina ya baba na mama wa kabila. Mtu akitaka kujua kama mwenzake amekula kiapo hakumwuliza "wewe ni Mau Mau?" Hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba aliulizwa hivyo na mwenzake. Aliyeuliza hivyo alikuwa polisi.

Sasa jina lilitoka wapi? Yapo maelezo matatu ninayoyaona yana uzito.

La kwanza ni *mũma*, yaani kiapo kwa Kikikuyu. Mwaka 1950 watu walishtakiwa Naivasha kwa kosa la kulisha wenzao kiapo, na inasimuliwa kwamba shahidi alisema alipewa *mũma*, Mzungu akasikia "mau mau". Sikio la mgeni hufanya mambo kama hayo kila siku. Ila kumbukeni nilichosema: jina lilikwisha kutajwa miaka miwili kabla ya kesi hiyo. Basi kama ni sikio la Mzungu, lilikosea mapema zaidi, mahali pengine.

La pili ni *ũma ũma*, maana yake "toka, toka". Watoto wa Kikikuyu walikuwa na mchezo wa kugeuza silabi ili wakubwa wasielewe, kama watoto wa pwani na kinyume chao. *Ũma ũma* ikigeuzwa inakuwa *mau mau*. Wengine husema walinzi waliosimama nje ya nyumba ya kiapo walitumia neno hilo kuwaonya walio ndani kwamba askari wanakuja. Haya nayaamini zaidi kuliko mengine, kwa sababu yanatoka kwa watu walioishi mambo yale na kuwekwa kizuizini kwa ajili yake.

La tatu ni milima ya Mau. Wengi hulipuuza. Mimi silipuuzi, kwa sababu Olenguruone iko huko huko upande wa Mau, na ni watu wa Olenguruone, waliokuwa wanafukuzwa kwenye mashamba yao miaka ya 1940, waliokifanya kiapo kuwa cha kila mtu, wanawake na watoto pia, wakati zamani kilikuwa cha wazee wachache.

Nasema hivi: jina hili walipewa na waliokuwa wakiwatafuta. Wenyewe walilichukua baadaye. Hicho kirefu cha Kiswahili kilikuja nyuma, jina likiwa tayari limezaliwa. Karibuni.

Mdau wa Mombasa

Mwalimu, heshima yako, lakini hapo umeharakisha. Wasema watu wale hawakuwa na sababu ya kutumia herufi za mwanzo. Mbona walikuwa na KCA (Kikuyu Central Association), iliyopigwa marufuku 1940? Mbona walikuwa na KAU (Kenya African Union), aliyoiongoza Kenyatta tangu 1947? Mkulima asiyejua kusoma alijua kutamka KAU, na alijua ni chama. Herufi zilikuwa jambo la siku zile.

Tena nikwambie jambo. Babangu alikuwa kuli bandarini Kilindini miaka hiyo ya hamsini. Hakuwa Mkikuyu, na Kikikuyu hakukijua hata neno moja. Aliniambia hicho kirefu tangu niko mdogo, akinishika vidole kimoja kimoja: Mzungu, Aende, Ulaya. Mkono wa pili: Mwafrika, Apate, Uhuru. Vidole sita. Haya, babangu alitoa wapi kama si kweli?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, umenikamata kwenye KAU na ninakubali. Hoja yangu kwamba watu wa kijijini hawakuzoea herufi haisimami, naiondoa. Ya wakati naibakiza.

Na hivyo vidole vya mzee wako vimenifanya nifikiri upya. Babako hakujua Kikikuyu. *Mũma* kwake haikuwa na maana. *Ithaka na wĩyathi* hakuisikia. Jina lilimfikia likiwa tupu, sauti mbili zilizorudiwa, kutoka kwenye redio ya serikali na midomo ya polisi, likiwa limeshikizwa habari za damu na uchawi. Yeye na wenzake wa bandarini wakalijaza. Wakaliwekea maneno ya lugha yao, wakalipa maana waliyoitaka wao. Kwa hiyo kirefu hicho si asili ya jina, lakini ni kitu cha kweli kabisa: ni namna Mswahili wa bandarini alivyoielewa vita ya msitu wa Nyandarua. Mwalimu aliyesahihisha mtihani angeuliza "watu walilifafanuaje neno hili?" mpwa wangu angestahili hiyo sifuri.

Mdau wa Kilwa

Mwalimu, shikamoo. Mimi swali langu ni la sarufi, maana mimi ni mtu wa Kilwa, historia yenu naisoma kwenye vitabu tu. Nasoma mahali "Mau Mau ilipigwa marufuku", mahali pengine "Mau Mau walishambulia", pengine tena "Wamaumau". Ipi sahihi?

Mleta uzi

Marahaba, ndugu.

Fikiria Yanga. Unasema "Yanga imesajili mchezaji" ukimaanisha klabu, na unasema "Yanga wamecheza vizuri" ukimaanisha wale kumi na mmoja uwanjani. Hakuna anayekukosoa. Mau Mau ni hivyo hivyo. Chama kilichopigwa marufuku na serikali mwezi Agosti 1950 ni "Mau Mau ilipigwa marufuku". Watu wenye miguu iliyopasuka kwa baridi ya Nyandarua ni "Mau Mau walilala juu ya majani ya mianzi".

Mtu mmoja? "Alikuwa Mau Mau" ndivyo watu wanavyosema, na inatosha. Ukiandika kwa urasmi, "mpiganaji wa Mau Mau". Hiyo "Wamaumau" sijaisikia kwa mtu yeyote huku kwetu, naiona kwenye maandishi tu, na inanikera kidogo kwa sababu inawafanya kabila. Hawakuwa kabila. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wengi, Wakamba walikuwamo, na Wakikuyu wengine wengi walikuwa upande wa pili.

Ila angalia jambo moja katika upatanisho huo. Ukisoma habari za wakati ule, unakuta kitu tu: Mau Mau *imeenea*, Mau Mau *itakomeshwa*, Mau Mau *inaambukiza*. Kama kipindupindu. Hata Kenyatta mwenyewe, mwaka 1962 uhuru ukiwa umekaribia, alisema mbele ya watu kwamba ulikuwa ugonjwa uliokwisha na usikumbukwe tena. Ndiyo maana mimi nikiandika habari za msituni natumia *walipigana*, *walikufa*, *walirudi*. Kiambishi kidogo tu, lakini kinawarudishia watu utu wao.

Mdau wa Murang'a

Mwalimu nisamehe naingilia, mimi ni mwanamke wa Murang'a na cucu wangu alikuwa akipeleka unga kwenye *mbuci*. Umezungumza jina la nje tu. Hebu tuweke na maneno ya ndani, maana huko ndiko lugha yenyewe ilikuwa inaishi.

*Mbuci* ni kambi ya msituni. Wazee husema limetoka kwenye neno la Kiingereza la kichaka, likapigwa likawa Kikikuyu. Kiapo cha pili, cha wapiganaji, kiliitwa *batuni*, na hilo nalo ni platuni ya jeshi. Msisahau baadhi yao walikuwa wamerudi kutoka Burma, walipigana vita vya Mwingereza wakajua platuni ni nini. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa huko. Kamati ya siri ya Nairobi iliyokuwa inasukuma mambo iliitwa *Mũhĩmũ*, na hilo ni Kiswahili chetu, muhimu. Kwa hiyo yule mdau wa Mombasa asifikiri Kiswahili kilikuwa bandarini tu.

Walinzi wa upande wa serikali waliitwa *ngati*, kutokana na gadi. Askari wa Kizungu waliitwa *njoni*.

Halafu kuna *komerera*. Hili watu hawalijui. Ni mtu aliyeingia msituni lakini hapigani, anajificha tu na kunyang'anya watu chakula. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, aliwachukia kama alivyowachukia ngati. Cucu alikuwa akisema komerera anakuja usiku na kudai mbuzi kwa jina la uhuru, na wewe huwezi kujua ni yupi mpaka umesikia anavyoomba. Mpiganaji wa kweli, alisema, alikuwa anasema asante.

Na *gakunia*. Kigunia. Hilo cucu alikuwa halisemi, alikuwa analionyesha: anachukua mfuko wa unga mtupu, anauweka kichwani mpaka mabegani, anatoboa mashimo mawili kwa vidole. Ndivyo walivyofanya tarehe 24 Aprili 1954, Nairobi ilipozungushiwa jeshi na watu wakakusanywa mitaa kwa mitaa. Unapangwa mstari, unapita mbele ya mtu aliyevaa gunia, macho tu ndiyo yanaonekana. Akitingisha kichwa, umekwenda kambi ya kizuizini ya Manyani au Mackinnon Road. Hujui ni nani. Kaka yake cucu alipita mbele ya gunia akatambua viatu.

Mleta uzi

Dada wa Murang'a, umenimaliza. Asante.

Niongeze moja tu, kwa sababu hata hilo lilikuwa neno la kambini. Mtu aliyewekwa kizuizini alitakiwa *kutapika* kiapo. Kukiri kote kuliitwa hivyo. Zamani za Wakikuyu lilikuwa jina la tambiko la kuondoa uchafu, ukafanywa kuwa utaratibu wa serikali: asiyetapika hasogezwi kambi ya mbele kuelekea nyumbani. Waliokataa kabisa waliishia mahali kama Hola, na huko tarehe 3 Machi 1959 watu kumi na mmoja walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya lazima. Mwanzoni taarifa rasmi ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa.

Mdau wa Kilwa

Mwalimu, maelezo ya Yanga nimeyapenda, ingawa mimi ni mtu wa Simba.

Nimekumbuka la kwetu. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na vyenyewe vilipata jina lake kwa maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Lakini kabla ya kuitwa vita, Wamatumbi walikuwa na neno lao la ile hatua ya siri, *njwiywila*. Ni mnong'ono, habari inayopitishwa kimya kimya mtu kwa mtu: umesikia kuna dawa, nenda Ngarambe, usimwambie yule. Wajerumani hawakulisikia mpaka pamba ikang'olewa. Kwa hiyo hapo pana majina mawili pia. *Maji* ndilo lililotangazwa, na *njwiywila* ndilo la ndani, na leo ukimwuliza kijana wa Dar es Salaam la pili halijui. Naona kama historia inapenda kushika jina la kelele na kuliacha la mnong'ono.

Mdau wa Bukavu

Miye niko Bukavu, nasoma tu pole pole. Kwetu huku neno ni *Mai-Mai*. Ni maji ile ile. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walikuwa wanapiga kelele "Mai Mulele!", maji ya Pierre Mulele, kiongozi wa waasi, ili risasi igeuke maji. Miaka ya 1990 vijana wenye silaha wa Kivu wakarudi na jina hilo. Saa hii tunasikia *Wazalendo*.

Nawaambia wandugu, kwetu jina haliweki mtu upande wa haki. Kuna Mai-Mai waliolinda kijiji na kuna Mai-Mai waliokula kijiji, jina moja. Yule dada wa Murang'a aliposema *komerera* nilinyamaza, nikasema: hawa watu walikuwa na bahati, walikuwa na neno la kutofautisha. Sisi hatuna.

Mdau wa Nakuru

Sasa mimi nauliza waziwazi. Kama jina ni la mkoloni, kwa nini tunaendelea nalo? Tuliache. Tuseme Jeshi la Ardhi na Uhuru, kama walivyojiita. Kila tukisema Mau Mau tunarudia tusi.

Mleta uzi

Swali hili nimekaa nalo miaka, ndugu yangu, na jibu langu limebadilika mara mbili.

Zamani nilikuwa nasema kama wewe. Hata darasani nilikuwa nawakataza wanafunzi. Nilisoma habari za kesi ya Kapenguria: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba, walioshtakiwa kwa kuendesha Mau Mau. Fikiria mtu anashtakiwa kwa kuongoza kitu ambacho maana ya jina lake haikubaliwi na yeyote mle mahakamani. Kenyatta alisema neno lenyewe si la lugha yoyote anayoijua. Yakaletwa maneno yake ya mkutano wa Kiambu wa Agosti 1952, aliposema Mau Mau iende kwenye *mĩri ya mĩkongoe*. Huo ni mti wa hadithi, mizizi yake inashuka chini isikofika mtu, na kitu kikilaaniwa kwenda huko hakirudi. Serikali ikasema hakumaanisha. Mahakama nzima, Kiingereza juu ya Kikikuyu, watu wakigombana mti usiokuwepo una mizizi mirefu kiasi gani. Aprili 1953 wakapewa miaka saba ya kazi ngumu. Nikasema: neno hili ni mtego tangu mwanzo, tuliache.

Halafu nikakutana na wazee wenyewe. Marufuku ya 1950 ilibaki kwenye sheria za Kenya huru mpaka 2003. Miaka arobaini ya uhuru, na mtu aliyepigania uhuru huo alikuwa bado ni mwanachama wa chama haramu. Marufuku ilipoondolewa, wazee wakasajili chama chao. Wangeweza kuchagua jina lolote duniani. Walichagua Mau Mau. Na wale waliopeleka kesi London juu ya mateso ya kizuizini, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, walisimama mbele ya kamera wakasema sisi ni Mau Mau. Mnara wa Uhuru Park uliozinduliwa Septemba 2015 ni wao. Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Fildi Masho, alikaa na nywele zake za msituni mpaka 2022, na hakuwahi kulikana jina hilo mpaka alipofariki mwaka uliofuata.

Watu zaidi ya elfu moja walinyongwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, Kimathi akiwa mmoja wao, Kamiti, tarehe 18 Februari 1957. Wengi wao walihukumiwa kwa sababu ya neno hili. Nani ana haki ya kuwaambia watoto wao kwamba ni tusi, walitupe? Walilinunua ghali.

Kwa hiyo siku hizi nasema hivi darasani: jina la jeshi lilikuwa Jeshi la Ardhi na Uhuru. Jina la watu ni Mau Mau. Andikeni yote mawili, na mjue lipi lilitoka kwa nani.

Mdau wa Kiambu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Sisi ni watu wa Lari.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 nyumba za jamaa zetu zilichomwa na watu wamo ndani, wanawake na watoto, kwa sababu mkubwa wa boma alikuwa upande wa serikali. Asubuhi yake na siku zilizofuata askari na gadi wakaua wengine wengi kulipiza, wengine hawakuwa hata wamekula kiapo. Kwetu neno hili halikuwahi kuwa la mnara. Mama yangu akilisikia redioni alikuwa anaondoka chumbani.

Sikatai mnayosema. Ardhi iliporwa, hilo halina ubishi, hata familia yetu ilihamishwa. Ila mwalimu ukisema "jina la watu", kumbuka kuna watu.

Mleta uzi

Nimekusikia, na pole sana. Ninalirekebisha hapo hapo: ni jina la waliolichukua. Asiyelichukua asilazimishwe. Nitakuomba ruhusa nimsomee mpwa wangu ujumbe wako kama ulivyo, bila kuongeza neno.

Mdau wa Kiambu

Msomee.

Mdau wa Murang'a

Mwalimu, na cucu wako yeye alikuwa anawaitaje? Hujatuambia.

Mleta uzi

Hakuwahi kulitamka. Miaka yote niliyoishi naye sikumsikia hata mara moja akisema Mau Mau. Alikuwa anasema *andũ a mũtitũ*, watu wa msituni. Nilipokuwa mdogo nilidhani anazungumzia wanyama au majini, kwa sababu alikuwa anashusha sauti na kutazama mlango, ingawa sasa ilikuwa miaka ya themanini na hakuna gadi aliyekuwa anasikiliza. Mtu aliyekuwa msituni hakuwa "alijiunga na" kitu, kwake. Alikuwa *ameingia*. Fulani aliingia. Fulani aliingia akatoka. Fulani aliingia. Ukiona sentensi imeishia hapo, unajua.

Alipofariki tulikaa sebuleni kuandika wasifu wa kusomwa kanisani. Binamu yangu, ambaye anaipenda historia hii kuliko sisi sote, aliandika: "Marehemu alikuwa mpiganaji shujaa wa Mau Mau." Mama akachukua karatasi akaikata sentensi hiyo. Binamu akakasirika, akasema huu ndio wakati wa kumtaja, marufuku imeondoka, tunamwogopa nani? Mama akasema hamna woga, ila hatumwiti leo jina ambalo yeye hakujiita.

Tukajadiliana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mama aliamuru, mimi nikaandika, kwa Kikikuyu kwanza halafu Kiswahili chini yake kwa ajili ya wageni:

"Kuanzia 1953 hadi 1955 alipeleka chakula msituni."

Mchungaji alipoisoma, kwenye viti vya nyuma wazee watatu walisimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Walisimama mpaka akamaliza ukurasa, wakaketi.